Kabla ya Kununua Mashine za Maktaba, Tuulize Sangara Kaandikwaje

Siku hizi ukikaa na watu wa vyuo hapa Mwanza, iwe Malimbe, iwe Bugando, iwe pale kituo cha Chuo Kikuu Huria, chai haiishi kabla mtu hajataja maktaba ya kidijitali. Kila mpango mkakati una kipengele chake: kompyuta mpya, geti linalolia kitabu kikitoka bila kuazimwa, mashine ya mwanafunzi kujiazimia mwenyewe, na tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 kimeongezeka kipengele cha akili mnemba. Mimi haya mambo nayapenda, nimefanya kazi maktaba miaka mingi na kompyuta naijua faida yake, kwa hiyo mtu asinisome kama napinga maendeleo. Ninachosema ni kwamba tunakosea pa kuanzia. Tunapanga mashine ambazo baada ya miaka saba nane zitakuwa stoo, halafu kitu ambacho kinaweza kudumu miaka hamsini, yaani rekodi ya kila kitabu na kila tasnifu iliyomo ndani ya jengo, tunamwachia mwanafunzi wa field aliyekuja miezi miwili. Bajeti ianzie kwenye rekodi na kwa mtu anayeitengeneza, mashine zije nyuma yake.

Nitoe kitu nilichokiona kwa macho yangu, chuo kimoja huku kanda ya ziwa, jina nitaliacha. Binti wa mwaka wa tatu anafanya utafiti wa biashara ya samaki pale Mwaloni Kirumba. Kakaa kwenye kompyuta ya kutafutia, kaandika "sangara", sifuri. Kaandika "furu", sifuri. Kaandika "dagaa", vikaja vitabu viwili vya mapishi. Akafunga daftari lake akawa anaelekea mlangoni. Pale kaunta kuna mzee mmoja kakaa miaka na miaka, akamwita, "Mwanangu, umekosa nini?" Binti akasema, "Shikamoo mzee, natafuta mambo ya sangara, naona hamna." Mzee akaitika marahaba, akatoka nyuma ya kaunta polepole, akaenda naye mpaka rafu ya mwisho karibu na dirisha linalotazama ziwa, akavuta tasnifu tano za wanafunzi waliopita, zote za samaki, na moja ilikuwa ya soko hilohilo la Mwaloni, imefungwa jalada jeusi na vumbi limeganda juu. Kwenye jalada imeandikwa Nile perch. Nikarudi kwenye kompyuta nikaandika Nile perch, nayo sifuri, maana zile tasnifu hazijawahi kuingizwa, ziko kwenye daftari la kupokelea tu, zimeandikwa kwa kalamu.

Kwa hiyo ile maktaba ina kompyuta, ina programu, ina intaneti, lakini katalogi yake halisi, yaani orodha ya kilichomo na kilipo, ni kichwa cha yule mzee. Na mpango wao mpya ambao niliusoma una mashine za kujiazimia na kamera, sehemu ya kuingiza rekodi imepewa mstari mmoja usiokuwa na hela.

Historia ya hii kazi yenyewe inatufundisha kitu gani kinadumu. Miaka ya 1960 kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani kule Washington, mama mmoja mtaalamu wa programu, Henriette Avram, alipewa kazi ya kufanya kadi ya katalogi isomeke na kompyuta. Akajifunza kwanza kazi ya wakatalogi, mwandishi anakaa wapi kwenye kadi, jina la kitabu wapi, somo wapi na kwa nini, ndo ikazaliwa fomati ya MARC ambayo kila kipande cha taarifa kina namba yake, 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu, 650 ni somo. Kompyuta za wakati ule zilijaza chumba kizima na leo hata ukizipata huna pa kuzichomeka, ila rekodi iliyoandikwa kwa fomati ile mwisho wa miaka ya 60 inafunguka leo kwenye laptop ya kawaida kabisa. Mwaka 1967 vyuo 54 vya jimbo la Ohio vikaungana kuunda OCLC chini ya Frederick Kilgour, wazo lao likiwa rahisi, chuo kimoja kikishakatalogi kitabu wengine wasirudie kazi ileile, na tarehe 26 Agosti 1971 maktaba ya Ohio University ikaanza kukatalogi moja kwa moja kwenye kompyuta ya pamoja. Hao hao OCLC waliendelea kuprinti kadi za karatasi kwa maktaba zilizozitaka mpaka Oktoba 2015, jumla yake zikawa kama bilioni 1.9. Miaka arobaini na nne kadi na kompyuta vimeishi nyumba moja na hakuna aliyeona aibu, kwa sababu kilichoandikwa juu ya kadi na kilichomo kwenye kompyuta ni kitu kilekile.

Kwetu kompyuta ilipita njia nyingine. UNESCO walitoa CDS/ISIS, programu ya kutunzia rekodi, ya kompyuta ndogo mwaka 1985, wakaigawa bure kwa taasisi zisizo za biashara, na maktaba nyingi za Afrika zilijifunzia hapo. Nilianzia hapo na mimi. Tuliingiza rekodi karibu miaka miwili, halafu hard disk ya kompyuta ikafa, na bakapu ilikuwa kwenye flopi ndani ya droo ya meza ileile iliyobeba kompyuta, imeshaota ukungu. Droo za kadi zilikuwepo, tukaanza upya. Baadaye ikaja Koha, programu ya kuendeshea maktaba, ambayo chimbuko lake ni maktaba za wilaya moja ya vijijini New Zealand, Horowhenua, sistimu yao ya zamani isingevuka mwaka 2000, wakawapa kazi kampuni ndogo ya Katipo mwaka 1999, Januari 2000 ikaanza kutumika, wakaitoa iwe ya bure kwa dunia nzima. Neno lenyewe koha ni la Kimaori, maana yake zawadi. Vyuo kadhaa vya Tanzania vinaitumia na inafanya kazi vizuri.

Sasa hapa ndo wadau wanagawanyika. Kuna wanaosema tununue sistimu ya kampuni kubwa, tulipe kila mwaka, kukiwa na tatizo tunapiga simu. Hii hoja siidharau hata kidogo. Vyuo vyetu vingi vina kijana mmoja tu anayeijua seva, akipata kazi Dar au Dodoma anaondoka na maarifa yote, password ziko kwenye simu yake. Kampuni inakupa mkataba na mtu wa kuwajibika. Shida inakuja mwaka wa tatu au wa nne bajeti ikibana, hujalipa, mlango unafungwa, na ukiuliza rekodi zako unaambiwa kuzitoa kuna gharama yake. Upande mwingine wanasema Koha ni bure tumalize. Lisensi ni bure kweli, ila seva sio bure, umeme sio bure, mkatalogi sio bure, na kumsomesha kijana wa pili ili wa kwanza akiondoka kazi isisimame, hiyo nayo ni hela. Nimeona vyuo vikichukua Koha kwa sababu ni bure halafu vikaipa bajeti ya sifuri, baada ya miaka miwili wakasema Koha mbovu. Mimi nikilazimishwa kuchagua nachukua Koha, kwa sababu moja tu, siku nikitaka kuondoka naondoka na rekodi zangu zote kwa fomati ya MARC bila kumwomba mtu.

Kuna hoja ya tatu, ya umeme na mtandao, kwamba tusubiri miundombinu ikae sawa. Hii nayo ina uzito. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika na nchi nzima intaneti ikawa ya kusuasua siku kadhaa, sasa fikiria chuo ambacho katalogi yake yote iko kwenye seva ya nje, mwanafunzi kasimama mita kumi kutoka kwenye kitabu na hawezi kujua kipo rafu gani. Lakini jibu la hapo sio kusubiri. Seva iwe chuoni, kwenye UPS na betri za sola, nakala ya rekodi iende nje kila usiku mtandao ukiwepo, na watu wa kaunta wafundishwe kuazimisha mtandao ukiwa haupo, Koha ina hiyo njia ya kurekodi uazimaji nje ya mtandao halafu ukaingiza baadaye, ila sehemu nyingi nilizopita hakuna aliyewahi kuijaribu hata mara moja.

Na wala tusidhani wenye hela wako salama. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza kule London ilivamiwa na wahalifu wa mtandaoni wanaojiita Rhysida, wakadai kama pauni 600,000, maktaba ikakataa kulipa. Katalogi yake ilirudi mtandaoni katikati ya Januari 2024, tena kwa kutafutia tu, huduma nyingine zikaendelea kuchechemea. Ripoti waliyoitoa wenyewe Machi 2024 inaeleza kwamba nakala salama za makusanyo yao ya kidijitali walikuwa nazo, ila walikosa mitambo ya kuzirudishia kwa sababu sistimu zao nyingi zilikuwa za zamani. Mimi nachukua hapo kitu kimoja kikubwa, kwamba kuwa na bakapu ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kuwa umeshawahi kuirudisha kwenye mashine tofauti ukaona inawaka. Chuo ambacho hakijafanya hilo zoezi hata mara moja kwa mwaka, hakijui kama kina bakapu.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopigiwa makofi kwenye vikao, ni hii ya kwamba wanafunzi wote wako kwenye simu, kila kitu kipo Google, na akili mnemba itajibu, kwa hiyo katalogi ya nini tena. Jamani. Ile tasnifu ya Mwaloni haipo Google. Haipo kwa sababu hakuna aliyeiweka, na hakuna mashine duniani, hata iwe na akili kiasi gani, inayoweza kupata kitu ambacho hakijaandikwa popote. Tena ikikosa inaweza kutunga. Juni 2023 jaji wa New York aliwapiga faini ya dola 5,000 mawakili waliopeleka mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilizibuni, na sisi tulioko kaunta tunawaona wanafunzi wanakuja na orodha ya vitabu vyenye mwandishi, mwaka na mchapishaji, unatafuta asubuhi mpaka mchana, kitabu hakijawahi kuandikwa. Anayetegemea akili mnemba ndo anahitaji katalogi nzuri zaidi, maana ndiyo pa kuhakikishia. Na hiyo akili mnemba nayo inaweza kutusaidia sana kupendekeza masomo, kusoma kurasa zilizoskaniwa, kupunguza kazi ya mikono, mimi naikaribisha, ila mkatalogi apitie kila inachoandika.

Sasa rekodi nzuri ni ipi? Turudi kwa samaki. Ziwa ni moja, lakini dagaa wa Mwanza akifika Kisumu anaitwa omena, akifika upande wa Uganda anaitwa mukene, mwanasayansi anamwita Rastrineobola argentea. Sangara ni Lates niloticus, aliletwa ziwani miaka ya 1950, na vitabu karibu vyote vimemwandika Nile perch. Mkatalogi wa zamani alilijua hili tatizo, kwenye droo kulikuwa na kadi fupi tu zilizoandikwa "omena, tazama dagaa", mtu akianza na jina lolote anafika palepale. Kompyuta inafanya hiyo kazi vizuri kuliko kadi, ukitengeneza mara moja orodha ya majina na kuyaunganisha, basi binti anayeandika sangara anapata ya Nile perch na mtafiti wa Kisumu anapata ya dagaa. Ila lazima mtu akae aitengeneze, na huyo mtu lazima ajue ziwa. Ukipakua rekodi kutoka Washington inakuja na Nile perch peke yake, hilo sio kosa lao, wao hawali sangara.

Hata namba za rafu zina hadithi hiyohiyo. Mmarekani Melvil Dewey alitoa mpangilio wake wa namba za vitabu mwaka 1876, na ukiangalia kundi la 800 la fasihi, Marekani ina 810, Uingereza ina 820, Wajerumani 830, Wafaransa 840, halafu fasihi za lugha za Kiafrika kwa mamia zimebanwa kwenye 896, ya Kiswahili ikiwa 896.392. Ndo maana kwenye maktaba zetu rafu ya fasihi ya Kiswahili ina namba ndefu zisizosomeka mgongoni mwa kitabu. Sipendekezi tubadili Dewey, kazi hiyo haiishi na faida yake ndogo, rafu inaweza kukaa hivyohivyo. Lakini kwenye rekodi hakuna anayetubana, sehemu ya somo tunaweza kuandika kwa Kiswahili, kwa Kisukuma pale inapofaa, bila kufuta Kiingereza, nafasi ipo.

Hesabu yake sio ya kutisha kama watu wanavyodhani. Tuchukulie maktaba ina vitabu 40,000. Mkatalogi akiandika kila rekodi kwa mkono, 30 kwa siku, ni zaidi ya siku 1,300 za kazi, miaka mitano na ushee, hapo ndo wakubwa wanakata tamaa wakaamua kununua geti. Lakini vitabu vingi vya nje vya kuanzia miaka ya 1970 vina ISBN, namba ya kutambulishia kitabu, unaingiza namba, Koha inavuta rekodi iliyo tayari kutoka Maktaba ya Bunge la Marekani au maktaba nyingine kwa njia ya Z39.50, utaratibu wa kompyuta za maktaba kuombana rekodi, unakagua, unabandika bakodi, unaenda kingine. Kwa mwendo huo 150 kwa siku inawezekana kwa timu ndogo, ni siku 270 hivi, mwaka na miezi kidogo. Na vyuo vya kanda ya ziwa vikifanya kama vile vya Ohio, aliyemaliza kitabu awape wengine, inapungua zaidi, shirikisho la maktaba za vyuo na utafiti COTUL lipo tayari kama mlango wa kuanzia mazungumzo. Muda unaookolewa hapo unahamia kwenye vitu vya kwetu ambavyo hakuna mwingine atakayetukatalogia: tasnifu, ripoti za uvuvi, vijitabu vya halmashauri, makabrasha ya gugumaji lilipovamia ziwa, magazeti ya Mei 1996 wakati MV Bukoba inazama. Hizo ndo zinafanya maktaba ya Mwanza iwe ya Mwanza.

Tasnifu zinahitaji uangalifu wa pekee. Vyuo vingi viliomba mwanafunzi alete nakala ya jalada na CD, leo kuna maboksi ya CD ambazo kompyuta mpya hazina hata pa kuziingiza na nyingine zimeshachubuka. Walioskani nao wengi walipiga picha tu, faili ni PDF lakini kwa kompyuta ile ni picha, haioni neno hata moja ndani yake, kwa hiyo ukitafuta sangara hutoki na kitu ingawa limeandikwa mara mia mbili. Skani ipitishwe kwenye programu ya kusoma herufi, faili liwekwe kwenye hifadhi kama DSpace, ambayo chuo cha MIT na kampuni ya HP waliitoa mwaka 2002 na ni ya bure, na rekodi yake iunganishwe na katalogi.

Vilevile mkataba wowote, wa kampuni au wa seva ya kukodi, uwe na kifungu kinachosema rekodi ni mali ya maktaba na zinatoka zote siku yoyote kwa MARC bila malipo, wanasheria wa chuo waombwe wakiandike wao. Na kwa kuwa kompyuta inakumbuka nani kaazima nini, tujue kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inatuhusu na sisi. Mwanafunzi aliyeazima kitabu cha UKIMWI au cha afya ya akili hana sababu ya jina lake kukaa kwenye seva miaka kumi baada ya kukirudisha, Koha ina sehemu ya kufuta huo uhusiano, iwashwe.

Najua kuna atakayesema rekodi hazionekani, mgeni rasmi akija atakata utepe wa nini. Lakini Daraja la Kigongo-Busisi lililofunguliwa Juni 2025 lina kilomita 3, na mkataba uleule ulikuwa na kilomita 1.66 za barabara unganishi ambazo hakuna anayezipiga picha, na bila hizo gari lisingelifikia daraja. Mashine za kujiazimia bila rekodi ni daraja lisilofikiwa, maana mashine inasoma bakodi, na bakodi isiyo na rekodi nyuma yake haisemi chochote. Kile chuo chenye tasnifu tano za sangara kikinunua zile mashine kesho, yule binti ataandika sangara na itakuja sifuri palepale.

Yule mzee anastaafu Juni mwakani. Rafu za tasnifu zina kama 2,500 hivi, nilimuuliza akaniambia bila kufungua daftari, na mada za nyingi anazijua, anajua hata ni mwanafunzi yupi alizunguka visiwa vya Ukerewe na yupi alikaa sokoni. Tasnifu 20 kwa siku, yeye anasema majina ya samaki, ya vijiji na ya miaka, kijana anaandika, ni siku 125 za kazi, kama miezi sita. Kijana yupo, kompyuta ipo, meza ya pale dirishani haina mtu. Kinachosubiriwa ni barua moja ya kumtoa mzee kaunta kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita.